Hii Si Stresi ya Kuku

Dukani kwetu neno stresi ni la kuku. Sikulitunga mimi. Wiki yangu ya kwanza kazini, Munene mwenye duka alinifungulia kabati la vitamini akaniambia, "Hii ni ya stresi. Kuku akisafirishwa, akichanjwa, akinyeshewa, akihamishiwa nyumba mpya, unampa hii kwa maji siku tano. Mteja akikwambia kuku wake wamesimama tu kama watu wanaofikiria, usiulize mengi, ni hii." Nikaandika kwenye kidaftari changu vile vile alivyosema. Tangu hapo nimeuza dawa ya stresi mpaka naweza kuichukua rafuni nikiwa nimefumba macho.

Kwa hivyo Alhamisi ile, mwezi wa sita, sikuona ajabu Maximilla wa Langas alipoingia akilalamika tangu mlangoni.

"Nangila, nimeuziwa vinyago! Kuku hamsini wameshuka jana kutoka Timboroa, na tangu wafike ni kusimama. Hawali, hawanywi. Wananiangalia kama mimi ndiye niliyewatoa kwa mama yao."

"Hiyo ni stresi, mama."

"Stresi ya nini? Huko Timboroa walikuwa wanaganda, huku kwangu kuna joto, kuna chakula. Mimi ndiye niko na stresi. Wewe umewahi kulala huku kuku hamsini wanakufikiria?"

Nilicheka mpaka Vivi, binti yangu wa miezi tisa, akashtuka mgongoni. Nikampa Maximilla pakiti, nikamweleza kipimo.

"Na ya mtu iko?"

"Ya mtu hatuna."

"Basi nitamwekea bwanangu hii hii kwa chai. Akianza kutaga nitakuletea mayai."

Akatoka akijichekea. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri mteja aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa Mzee Kigen wa Ainabkoi, amesimama kando ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Mzee huyu hushuka mjini kila mwezi kununua chumvi na dawa ya kupe, na kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kuwatania wenzake. Vivi akiwa bado tumboni, alikuwa akiniambia huyo mtoto anapiga mateke ya mkimbiaji wa mita elfu tano. Lakini siku ile Maximilla alimaliza mambo yake yote ya kuku na bwana, na Mzee Kigen hakugeuza hata shingo.

"Chamgei, Mzee."

"Chamgei." Akasogea kaunta. "Nipe dawa ya kupe."

"Ile yako ya kila mara?"

"Yoyote."

Mkono wangu ukasimama njiani. Mzee Kigen hajawahi kusema yoyote. Mwezi uliotangulia tulibishana robo saa juu ya dawa mbili, akinisomea kibandiko neno kwa neno kwa miwani yake iliyofungwa uzi, akinionyesha kwamba moja inamuwasha ng'ombe kwenye kiwele.

Sasa, duka letu lina maswali matatu. Munene ameyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha katoni, akakining'iniza juu ya kaunta: mnyama gani, wangapi, nani atapulizia. Dawa yoyote yenye sumu haitoki bila majibu hayo kuandikwa kitabuni, hata kama mteja ni shemeji yako. Wakulima wengi huyajibu wakiwa bado wanapangusa viatu mlangoni.

"Ni ya ng'ombe?" nikauliza.

"Ng'ombe."

"Bado ni sita?"

Swali hilo Mzee Kigen hulijibu kwa hadithi: sita, na yule mwekundu ameanza kuruka ua, na ndama wa Gideon anakohoa. Siku ile aliangalia kalamu yangu tu.

"Mzee, bado ni sita?"

"Andika unavyotaka."

"Na nani atapulizia?"

"Hayo maswali ni ya nini leo? Kwani mimi ni mgeni hapa?"

"Ni ya kila mtu, Mzee. Unajua."

"Basi andika mimi."

Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kadi za chanjo za ng'ombe, sita, zimefungwa kwa raba. Akaziweka mbele yangu.

"Hizi mpe Gideon akipita."

Gideon nilimfahamu. Ni mtu wa rika lake. Waliingia jandoni pamoja. Anafanya kazi ya kutunza bustani katika nyumba moja kubwa ya Elgon View, na kwa kuwa huko hakuna malisho, ng'ombe wake wanne wanaishi Ainabkoi katika zizi la Kigen. Watu wa huku wana desturi hiyo ya kuwekeana ng'ombe. Hakuna karatasi wala shahidi. Unampelekea rafiki, anawatunza kama wake, anakunywa maziwa, na ndama ni wako.

"Si umpe mwenyewe? Jumamosi si huja kwako?"

"Mpe wewe." Akainua macho, akamwona Vivi akichungulia begani mwangu. "Huyu amekua," akasema. "Mlee vizuri."

Sijui niseme nini kuhusu namna alivyolitamka. Wazee wote huniambia nimlee vizuri. Lakini wengine huniambia kama watu watakaokuja mwezi ujao kukagua.

"Dawa imeisha, Mzee," nikasema.

Mimi sijui kudanganya. Chupa zilikuwa nyuma ya bega langu, zimepangwa safu mbili, na macho yake yalikwenda pale pale. Kabla hajasema kitu, Munene akaingia kutoka barabarani, vumbi la mahindi mpaka kwenye kope.

"Nini imeisha?"

"Dawa ya kupe."

"Nangila! Si hizo nyuma yako? Mtoto amekunyima usingizi mpaka huoni rafu? Mzee, samahani, ngoja nikupe mwenyewe, gari za Ainabkoi zisikuache."

Akaanza kuzunguka kaunta. Ni hatua nne tu. Nikafungua leso, nikamzungusha Vivi kutoka mgongoni, nikamnyooshea Mzee Kigen juu ya kaunta.

"Nishikie mtoto kidogo, Mzee. Kuna kitu nataka kumwonyesha bosi stoo."

Sijui ningefanya nini kama angekataa. Lakini mzee wa huku ukimpa mtoto hakuulizi kwa nini. Alimpokea kwa mikono miwili, akamweka kifuani, mkono mmoja chini, mwingine mgongoni, kama mtu ambaye mikono yake inakumbuka. Nami nikamshika Munene kwa mkono wa shati, nikamvuta. Tulipofika stoo ndipo moyo ukanigonga: Nangila, umempa mtoto wako nani?

Stoo yetu imetengwa na duka kwa wavu wa waya. Nilisimama mahali ninapoweza kuwaona.

"Umerukwa na akili?" Munene akanong'ona.

"Huyo mzee hampelekei ng'ombe hiyo dawa."

"Nani amekwambia?"

"Hajui ng'ombe ni wangapi. Amesema nimpe dawa yoyote. Ameacha kadi za Gideon. Na amemuaga Vivi."

Munene akachungulia kupitia wavu. Mzee Kigen alikuwa amesimama pale pale, Vivi amemshika sikio.

"Kuaga ni kuaga tu. Watu huaga."

"Bosi, nimemwona macho."

"Na kama umekosea? Mzee wa heshima hivyo, mteja wangu wa miaka kumi na mbili, umwambie anataka kujiua? Ainabkoi nzima itahama." Akapangusa uso, akazidi kujipaka vumbi. "Haya. Simuuzii. Nitamwambia mzigo wote ni mbovu. Yameisha?"

"Maduka ya dawa za mifugo mtaa huu ni mangapi?"

Ni matano, na lenye maswali ukutani ni letu peke yake.

"Nitamuuliza," nikasema.

"Usithubutu! Ukimtajia kitu kama hicho utamwekea kichwani, na pengine hakikuwepo."

"Mimi niliulizwa, Munene. Na hakikuongezeka."

Akanitazama. Hakuwa anajua. Hakuna aliyekuwa anajua isipokuwa mume wangu na nesi mmoja.

Vivi alipokuwa na miezi miwili nilikuwa siwezi kulala hata akilala. Nilikuwa nikisimama jikoni na sufuria tupu mkononi, nisikumbuke nilitaka kupika nini. Dada yangu aliniuliza, una stresi? Nikasema ndiyo, naye akasema hata yeye, bei ya unga imemtesa, tukaachia hapo. Mama mkwe akauliza, una mawazo? Nikasema hapana, kwa sababu mke mwenye mawazo huulizwa mawazo ya nani. Hayo maneno mawili yalikuwa yamezoeleka sana midomoni, yanapita bila kugusa kitu. Halafu siku ya kliniki, nesi akiandika kilo za Vivi, akaacha kalamu na kunitazama. "Na mama je? Umelemewa?"

Neno lenyewe nililijua. Mwalimu Mabonga alitufundisha katika darasa la jioni la Kiswahili, na akatufafanulia kwa punda wa kubeba maji. Punda aliyelemewa, alisema, si mvivu, wala si mgonjwa, wala hajakataa kazi; ni mzigo umepita nguvu zake, na mtu mwingine anaweza kusaidia kuuteremsha. Wakati ule niliandika tu ili nifaulu mtihani. Mbele ya yule nesi ndipo nilipoelewa kwamba kuna neno linalomwuliza mtu mzigo wake bila kumwambia ana kasoro. Nesi aliniuliza na la pili, wazi, kama nimewahi kutamani kufa. Nililia mpaka akina mama kwenye benchi la nje wakanyamaza. Kisha nikasaidiwa, polepole, na leo niko hapa nauza vitamini.

Munene sikumweleza yote hayo stoo. Nilimwambia, "Wewe fungia watu wengine nje, basi," nikatoka.

Sikurudi nyuma ya kaunta. Nilizunguka nikasimama upande wake, karibu kabisa. Mzee Kigen akanyoosha mikono kunirudishia mtoto.

"Sijamaliza, Mzee. Mshike kwanza."

"Nangila, nataka kwenda."

"Najua. Mzee, una mawazo?"

"Nani hana?"

"Una stresi?"

Mdomo wake ukataka kucheka, ukaacha. "Hiyo si ya kuku wa yule mama?"

"Mzee. Umelemewa?"

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, mtu akipiga bodi kwa kofi, rudi, rudi, rudi. Mzee Kigen alinitazama kwa muda ambao lori lile lilirudi, likasimama, likazimwa. Taya lake lilikuwa linatafuna kitu ambacho hakikuwepo. Akainamisha kichwa mara moja, na hakukiinua tena.

Nikauliza lile swali la pili la nesi, kwa sauti ndogo, lakini sikulizungusha.

"Hii dawa ulitaka kuinywa wewe?"

"Chukua mtoto wako," akasema.

"Sichukui."

"Chukua mtoto, mama. Mikono yangu si mizuri."

"Amelala, Mzee. Ukimsogeza ataamka."

Ni kweli alikuwa amelala, mate yakimlowesha mzee koti. Munene alikuwa ameshusha mlango wa bati nusu na kusimama hapo, hajui aweke wapi mikono. Mzee Kigen akatafuta kwa mguu gunia lililokuwa karibu, akakaa juu yake taratibu, asije akamwamsha mtoto. Na alipokaa akaanza kusema, akiongea na utosi wa Vivi.

Jumanne asubuhi alitaka kuwapa ng'ombe chumvi. Gunia lilikuwa la chumvi. Limeandikwa chumvi, lina picha ya ng'ombe. Alisahau kwamba mwaka jana, baada ya kukuzia mahindi, alitia humo mbolea nyeupe iliyobaki kwa sababu gunia lake lilikuwa limetobolewa na panya. Akamimina kwenye kihori akiwa gizani, kabla jua halijachomoza. Ng'ombe walikuwa hawajaonja chumvi wiki nzima. Wakagombea.

"Yule mwekundu ndiye alianza kutetemeka," akasema. "Nikafikiri ni baridi. Nikamtupia gunia mgongoni. Gunia lile lile, Nangila. Ndipo nikaona chembe za mbolea zimebaki kwa pembe za gunia. Saa mbili walikuwa wameanguka wanne. Daktari wa mifugo alifika saa nne."

"Wanne?"

"Watatu ni wa Gideon. Mmoja wangu. Wangu yule mwingine amesimama, hana hata mafua." Sauti ikamkatika hapo, kwa yule mzima. "Hata mke wangu, Mama Jepkemboi, nimemwambia ni ugonjwa. Majirani nimewaambia ni ugonjwa. Wanakuja kunipa pole. Wanakaa kwangu wanakunywa chai, wananipa pole! Gideon anaacha kazi mwezi wa kumi na mbili. Hao ng'ombe ndio alikuwa anawarudia. Jumamosi atafika na lile shati lake la Jumamosi, aniulize, Kigen, wako wapi? Mimi nimwambie nini?"

"Umwambie hivi ulivyoniambia."

"Wewe ni mtoto. Hujui."

"Labda. Lakini Jumamosi ni mbali. Tumpigie sasa."

"Usimpigie."

Nikachukua zile kadi kwenye kaunta. Nne kati ya sita zilikuwa na jina la Gideon na namba yake chini. "Namba hii hapa, Mzee. Nimpigie mimi ama utampigia wewe?"

Akafumba macho. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje.

"Nani?"

"Ni Nangila wa duka la dawa."

"Chanjo zimefika?"

"Hapana. Mzee Kigen yuko hapa."

"Huyo! Mpe simu. Amezima yake siku mbili, nimedhani ameoa tena."

Nikamshikia simu karibu na mdomo, maana mikono yake ilikuwa na Vivi. Nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka.

"Gideon."

"Wewe, mbona unajificha?"

"Ng'ombe wamekufa."

"Ng'ombe gani?"

"Watatu wako. Mmoja wangu."

Kule upande wa pili mashine ya kukata nyasi ilikuwa inanguruma. Ikazimwa. "Ni ugonjwa gani?" Gideon akauliza.

Munene alinitazama, nami nikamtazama Munene. Njia ilikuwa wazi pale. Ugonjwa una majina mengi, na Gideon ndiye aliyeufungua mlango mwenyewe. Mzee Kigen angesema jina moja tu, rafiki yake angempa pole kama wengine, na yeye angerudi Ainabkoi akiwa na mzigo ule ule.

"Si ugonjwa," akasema. "Ni mimi. Niliwapa mbolea nikidhani ni chumvi."

Simu ikakatika.

Nilipiga tena. Haikushikwa. Nikapiga ya tatu. Mzee Kigen alikuwa ameanza kuinuka kutoka kwenye gunia.

"Umetaka niseme, nimesema," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alinikabidhi Vivi bila kuuliza mara ya pili, akajinyoosha koti. "Asante, mama. Hakuna kitu kimebaki."

"Mzee, ngoja. Mzee!"

Alikuwa anaelekea mlangoni. Mimi na mtoto mikononi ningemshika vipi? Munene akatoa kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya mlango, akaketi yeye. Kando yake alikuwa na chupa ya chai ya mchana.

"Mzee Kigen," akasema, "mimi sijui maneno kama huyu. Lakini hapa kwangu mtu hatoki bila chai."

"Nipishe, Munene."

"Nikupishe uende uniseme Ainabkoi nzima kwamba mimi ni Mkikuyu mchoyo? Kunywa kwanza."

"Chai yako ni maji. Maziwa mnapaka kikombe tu."

"Ndiyo hiyo hiyo maji utakunywa."

Akammiminia. Chai ikamwagika kwenye vidole vya Munene na hakuonekana kuisikia. Mzee akasimama na kikombe mkononi. Hakukinywa, lakini hakukiweka chini.

Nikarudi nyuma ya kaunta nikaandika ujumbe kwa kidole gumba. Niliandika nikafuta mara mbili, kisha nikaandika: Mzee amelemewa. Alikuja kununua sumu na si ya ng'ombe. Tuko naye. Njoo. Nikatuma, nikamuegemeza Vivi begani, na bila kelele nikahamisha zile chupa kutoka rafuni hadi kwenye kabati lenye kufuli.

Hakukuwa na jibu. Dakika kumi. Wateja wawili walipiga bati, Munene akawaambia tunahesabu mali. Mzee Kigen alikaa, akasimama, akakaa. Mara moja aliuliza saa, nikamdanganya nikapunguza dakika. Nilimuuliza mwanzo wake na Gideon, namna walivyojuana, akaanza kunieleza juu ya mto walikokuwa wakiogelea wakiwa wavulana, akaachia katikati ya sentensi akaangalia mlango. Nikaogopa kwamba nimefanya vibaya. Nimemtoa mtu siri yake, na siri imekwenda kumgonga yule yule aliyekuwa anamwogopa, na yule amekata simu. Munene alisoma uso wangu, akageukia barabara.

Dakika ishirini na kitu, pikipiki ikafunga breki nje. Munene akainuka na kiti chake. Gideon akainama chini ya bati akaingia akiwa na gambuti za kazi, nyasi mbichi zimemganda mpaka magotini. Hakusalimia mtu. Akaenda akasimama mbele ya gunia alilokalia Mzee Kigen.

"Yule wa baka jeupe pia?"

"Huyo pia," akasema Mzee Kigen.

Gideon akageuka, akalipiga gunia la pumba kwa ngumi, vumbi likajaa duka. Vivi akaamka akaanza kulia.

"Miaka kumi na tisa!" Gideon akafoka. "Miaka kumi na tisa nakata nyasi ya watu Elgon View, nyasi haina ng'ombe wa kuikula, inatupwa! Nikikata ninasema, si neno, wangu wanakula kwa Kigen. Wangu wako kwa Kigen! Na Kigen anawapa mbolea! Ulidhani watamea?"

"Nilijua utasema hivyo."

"Sijamaliza!"

"Sema tu."

"Nitasema! Nimekasirika, na mwaka utaisha nikiwa nimekasirika. Nitakuja kwako kila Jumamosi nikukasirikie mpaka nichoke." Sauti yake ilianza kupasuka. "Sasa wewe unakuja hapa kununua kitu. Ukishaenda, hiyo hasira yangu nimpelekee nani? Mama Jepkemboi? Nikae kaburini nipigie udongo kelele? Eh, Kigen? Nataka kukukasirikia ukiwa unanisikia!"

Mzee Kigen akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Sijawahi kumwona mzee wa umri ule akilia, na nikageuza macho, nikamtuliza Vivi, nikahesabu pakiti za vitamini ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Nilipotazama tena, Gideon alikuwa amekaa juu ya gunia lile lile, bega kwa bega na mwenzake, ananywa ile chai iliyopoa.

"Hii ni maji," akamwambia Munene.

"Nimeshaambiwa," akasema Munene.

Niliwapa jina la hospitali na mlango wenyewe, ule niliopitia mimi. Niliwaambia huko kuna watu ambao kazi yao ni hiyo, hawapigi kelele, hawaandiki kwenye paji la uso wako, na kwamba leo Mzee asirudi Ainabkoi bila kuwaona, na usiku asiachwe peke yake. Gideon akasema atalala naye Ainabkoi, tajiri wake atamsamehe, na asipomsamehe, nyasi itakua tu.

Mlangoni akasita.

"Hapo wakiuliza ana nini, mimi niseme nini? Presha?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Mzee Kigen akanitangulia.

"Wewe utanyamaza. Umeshapiga kelele ya kutosha. Nitasema mwenyewe."

"Utasema nini?"

Akalijaribu kwanza kimoyomoyo, niliona midomo ikitembea. "Nimelemewa," akasema. "Nitawaambia nimelemewa. Wakiuliza na nini, nitaanza na lile gunia."

"Hapo kwa gunia usiseme wa baka jeupe alikuwa wako."

"Nani amesema ni wangu?"

"Nakujua. Yule ulikuwa unajigamba naye kwa watu."

"Nilimlea mimi! Wewe ulikuwa unakuja Jumamosi, unampapasa, unaenda."

Munene akainua bati, wakatoka. Nilisimama mlangoni na Vivi mpaka wakavuka barabara, Gideon amemshika mwenzake mkono wa koti kwa nguvu, bado anamgombeza. Na Mzee Kigen alikuwa anamjibu.